Siku moja maishani mwangu: Lotus Elise na mipira miwili ya tangi

Saa moja na nusu asubuhi

Oktoba huku Norfolk, Uingereza, saa hizi bado kiza, na mvua ni ile yao isiyonyesha wala isiyoacha. Nafungua gereji, nawasha taa, na kabla sijavua koti harufu ya petroli imeshanipokea. Si ya kumwagika. Ni ile nyepesi inayokaa kooni.

Inatoka kwenye Lotus Elise ya 1998, gari dogo la michezo, iliyoletwa jana jioni. Mwenyewe kaacha karatasi yenye malalamiko matatu: akijaza tangi, gari lanuka ndani siku nzima, kwenye kituo cha mafuta nozeli ya kujazia inajikata kila baada ya lita mbili tatu, na akienda mbali, gari linakosa nguvu, akisimama kidogo linarudi sawa. Fundi wa kwanza alimbadilishia pampu. Wa pili akambadilishia filta. Pesa zimekwenda, harufu imebaki.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, kazi nilijifunzia gereji za Changamwe kwenye Probox na pikapu. Sasa niko gereji ndogo ya magari mepesi ya michezo, si mbali na Hethel, ambako Lotus wako tangu 1966 kwenye uwanja wa zamani wa ndege za vita. Watu wa nyumbani wakiniuliza huko natengeneza nini, hudhani ni mainjini makubwa. Leo ni mipira ya hewa, yaani mabomba laini ya tangi la petroli.

Saa mbili

Milango wazi, hita imezimwa, waya wa hasi wa betri nje. Hapa sina mchezo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hivyo haupandi ukajiendea; hutambaa sakafuni ukaingia shimoni na kukaa huko kukungoja. Na hushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, basi baridi ya Norfolk si kinga. Mwanagenzi wetu alikuwa akiweka kizima moto pembeni mwa gari. Mimi nakitaka mlangoni: moto ukiwaka, hakuna atakayeukaribia kukifuata.

Saa tatu kasorobo

Asiyelijua gari hili: lilipotoka 1996 lilikuwa na uzito wa kama kilo 725, wakati Probox ya kawaida inacheza kwenye kilo 1,000. Chesisi ni alumini iliyoshikanishwa kwa gundi, injini iko nyuma ya viti, na tangi limelazwa kukingama katikati, baina ya mgongo wa dereva na injini. Zulia nene hakuna. Sponji za kuzuia sauti hakuna. Katika gari la kawaida, mvuke kidogo ungepotea njiani kabla ya kukufikia. Kwenye Elise pua ya dereva na tangi ni majirani wa ukuta mmoja.

Sasa hiyo mipira. Iko miwili: wa pumzi, unaopitisha hewa ya tangi, na wa kufurikia. Kila mtu aliyewahi kutoboa debe la mafuta ya kupikia anajua habari yake: tundu moja, mafuta hutoka kwa kwikwi; toboa la pili, yanatiririka. Tangi la petroli nalo halina tofauti. Pampu ikivuta lita moja, lazima hewa ya kujaza nafasi ile iingie. Isipoingia, tangi linabaki likijinyonya lenyewe, pampu inalia, injini inakosa mafuta. Ukisimama, hewa hupenya polepole penye upenyo wowote, na gari linapona. Hapo ndipo watu huuziwa pampu.

Mpira wa pumzi una kazi ya pili pia. Petroli hutanuka kama asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Jaza lita 40 za baridi kutoka tangi la chini ya ardhi, liache gari juani hadi joto lipande nyuzi 20, na utakuwa na karibu lita nzima ya ziada inayotafuta pa kwenda. Magari ya umri huu yana kopo la mkaa la kunasa mvuke huo, kisha injini ikiwaka inaunyonya na kuuchoma. Na kabla ya kopo kunatakiwa valvu ya kujifunga gari likipinduka, petroli isije ikamwagikia injini ya moto.

Mpira wa kufurikia ni kitu kingine kabisa. Huo umeshikana na kisahani kinachozunguka mdomo wa kujazia. Matone ya kituoni na maji ya mvua yanaingia humo, yanateremka hadi chini ya gari, basi. Hautakiwi kujuana na tangi.

Saa nne

Chai, na simu kutoka Miritini, huko Mombasa. Mpwa wangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Salama. Pikipiki yanisumbua. Nikitoka hapa nikifika Makupa yazima. Nikifungua tangi nitazame petroli, ipo, nikipiga yawaka."

"Ukifungua kifuniko wasikia fyuu?"

"Eeh, fyuu kabisa."

"Basi kitundu cha kifuniko kimeziba. Kisafishe kwa waya mwembamba, usinunue kabureta."

"Mbona fundi ashanambia ninunue?"

"Ndiyo nakwambia usinunue."

Saa tano

Gari liko juu ya lifti, tairi la nyuma limetoka, kinga ya plastiki ya tairi pia. Nafuata mpira kwa mkono toka kwenye mdomo wa kujazia, kwa sababu macho hudanganywa na tope. Vidole vinakutana na kitu kigumu. Nakifuta: kiungo cha T cha plastiki, cha aina inayouzwa kwa maji ya akwariamu, kimebanwa kwa klipu za zipu.

Mtu aliondoa kopo la mkaa na valvu yake, labda kupunguza gramu, akauunganisha mpira wa pumzi na ule wa kufurikia, kisha akaupeleka huo mmoja nyuma ya tairi. Ncha yake imekatwa bapa ikaangalia mbele, pale pale tairi linaporusha tope. Naichokoa kwa bisbisi; kinatoka kizibo cha udongo kirefu kama sentimita nne, kimekauka kwa nje na kulowa petroli kwa ndani. Nakikata kwa wembe. Kina matabaka, mchanga mweupe na tope jeusi, tope jeusi na mchanga mweupe, misimu kadhaa ya barabara za mashamba.

Malalamiko yote matatu yako hapo. Njia ya hewa imeziba, ndiyo gari kukosa nguvu. Hewa haitoki wakati wa kujaza, ndiyo nozeli kujikata: nchani mwake kuna kitundu, petroli ikirudi juu shingoni ikakiziba, mfyatuo unaachia. Na kwa kuwa njia ya chini imefungwa, mvuke wa tangi unapenya kidogo kidogo kupitia ule T, ambao ni mwembamba mno kupitisha hewa ya kutosha, hadi kwenye kisahani, unavutwa ndani ya gari linapokwenda, maana paa la turubai la Elise halijawahi kuzuia kitu.

Sina ugomvi na mtu anayepunguza uzito. Colin Chapman, aliyeanzisha Lotus, alijenga jina kwa hilo. Lakini kopo la mkaa lina uzito gani? Angeacha kifungua kinywa angepunguza zaidi.

Saa saba

Chakula. Namweleza mwanagenzi kwamba tope si adui wa pekee. Mwaka 2011 Mazda waliita yarudishwe kwa ukarabati maelfu ya magari ya Mazda6 kwa sababu ya buibui wa manjano waliokuwa wakifuma utando ndani ya mpira wa pumzi wa kopo la mkaa. Tangi likijinyonya likaweza kupasuka. Haamini, anatafuta kwenye simu, anarudi kimya.

Saa nane

Kazi yenyewe si ndefu. Mipira ya zamani naitoa yote; ukiukunja kidogo, mpira unafunguka nyufa ndogo ndogo mgongoni. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli haina huruma na mpira wa zamani. Mpya naukata kutoka kwenye roli iliyochapwa SAE J30 R9 ubavuni, alama ya mpira uliotengenezewa petroli ya aina hii. Usiposoma maandishi hayo ukachukua tu mpira mweusi unaofanana, utarudi hapo hapo.

Kopo la mkaa ninalo, limetoka kwenye Elise iliyogongwa mbele. Valvu ni mpya. Mpira wa pumzi unapanda kwanza juu ya usawa wa tangi ndipo uende koponi, ili gari likikata kona petroli isiukimbilie. Wa kufurikia unateremka peke yake bila bonde la kukusanya maji, ncha imekatwa kwa mshazari na kuangalia nyuma. Klipu ni za duara kamili, zile zisizoutafuna mpira.

Kabla ya kufunga, napuliza kila njia kwa kompresa ikiwa imetenganishwa na tangi. Kompresa na tangi havikutani, hata sekunde moja. Kwa tangi natumia pampu ya mkono yenye geji, presha ndogo sana, kuona kama linapumua. Linapumua.

Saa kumi

Kituoni. Naingiza nozeli, nabana mfyatuo. Lita tano, kumi, ishirini, bila kwikwi, mpaka inajikata yenyewe tangi likiwa limejaa. Namimina kikombe cha maji kwenye kisahani na kuchungulia chini: yanadondoka lami, palipotakiwa. Narudi kwa kuzunguka njia ndefu, madirisha yamefungwa, na kinachonuka ni koti langu lililolowa.

Saa kumi na moja na nusu

Mwenye gari amefika. Anasoma bili mara mbili: mipira, klipu, valvu, kopo kuukuu, saa za kazi. Anauliza ile pampu ya awali na filta yake vilikuwa na kosa gani. Havikuwa na kosa. Anavyo bado, kwenye boksi nyuma ya kiti. Namwambia asivitupe, na nampa kile kizibo cha udongo ndani ya mfuko wa plastiki akamwonyeshe anayetaka.

Kesho kuna Caterham, gari jingine dogo la michezo, inayotapika petroli kila ikikata kona kali. Tangi lake liko nyuma kabisa na mpira wa pumzi umetoka moja kwa moja chini, bila kitanzi. Mwanagenzi ameshanitafutia kipande cha mpira. Valvu haifiki kabla ya Alhamisi.