Kisutu cha buluu

Disemba 2009 kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme Unguja kutoka bara ilikufa, na kisiwa kizima kikakaa kiza mpaka Machi 2010. Mwenye jenereta alikuwa mfalme. Sisi wengine tulirudi kwenye chemli, na kwa vile pampu za maji nazo zilisimama, asubuhi ilianza kwa kubeba madumu.

Miezi hiyo ndiyo niliyochagua, kwa ujuba wangu, kuihamishia Garnet kwenye Windows.

Garnet ni zana ya kujengea madirisha, vitufe na menyu kwa Lisp, lugha ya kuandikia programu. Waliitengeneza Brad Myers na wenzake Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilichoniteka ni fomula zake. Unaiambia: urefu wa mstari huu ufuate idadi ya doti za kanga zilizobaki. Basi, umemaliza, doti zikiuzwa, mstari unajipunguza wenyewe. Nilikuwa nimeandika programu ya kuhesabia kanga za dukani kwa Ami, Darajani, na kwenye laptopu yangu, upande wa Linux, ilikwenda kama maji. Lakini kompyuta ya Ami ilikuwa ya Windows, na kubadilishiwa hataki hata kusikia.

Garnet ilizaliwa ikizungumza na X, mfumo wa madirisha wa dunia ya Unix, ukoo wa Linux. Baadaye wenyewe waliipeleka kwenye Macintosh, na kila kinachohusu mfumo fulani wa madirisha wakakiweka kwenye tabaka moja la chini, Gem. Sehemu zilizo juu yake hazina habari ziko kwenye mashine gani. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuandika Gem ya tatu, nikiifuata ile ya X mstari kwa mstari. Nilijipa wiki mbili. Ya fonti na kibodi siyasimulii, hayana utamu.

Laptopu niliichaji kwa malipo kwenye duka lenye jenereta, halafu nikaja nayo nyumbani Mkunazini kufanya kazi usiku. Kwa kawaida betri ilinipa saa mbili na kitu. Tangu dirisha la kwanza lilipokubali kuchoreka kwenye Windows, hata saa moja haikufika. Nikailaumu betri. Nikamlaumu mwenye jenereta kwamba ananichajia nusu. Maskini, nilikuwa karibu ya kugombana naye.

Usiku mmoja nilikuwa nimeacha dirisha la programu wazi, nakunywa chai. Mji ulikuwa kimya, hakuna redio wala friji. Mama akauliza kutoka barazani:

"Hicho chombo chako mbona kinakoroma?"

"Feni hiyo, Mama. Kinafanya kazi."

"Kazi gani, na wewe hujakigusa?"

Nikaweka kikombe chini. Dirisha linalosubiri kubonyezwa halina kazi, linatakiwa lilale. Nikaweka kihesabio kwenye sehemu ya kuchora, na namba zikaruka kwa maelfu, dirisha lile lile, picha ile ile, bila mtu kugusa kitu.

Kumbe ni tofauti ya adabu. X dirisha likifunuka hukupa habari mara moja, ikaenda zake. Uchore usichore, shauri yako. Windows hutuma WM_PAINT, ujumbe wa kukuambia uchore, na mpaka uithibitishie kwamba umeshachora, itakutumia tena na tena. Mimi nilichora bila kuita BeginPaint wala EndPaint, amri zinazotoa uthibitisho huo. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Chini kwa chini laptopu ilikuwa inakimbia mbio za bure na kunywa betri. Mistari miwili ikamaliza mambo, na feni ikanyamaza. Mama alikuwa keshalala.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Ami, akawasha jenereta kwa ajili yangu tu. Orodha ya kanga ikatokea, kila moja na kisanduku cha rangi yake. Ami akavaa miwani, akainama.

"Hii nini?"

"Kisutu, Ami."

"Kisutu cha buluu umekiona wapi wewe?"

Kweli, buluu tupu. Rangi kwa kompyuta ni namba, na nyekundu, kijani na buluu kila moja ina kipande chake, baiti. Windows huisoma nyekundu kwenye baiti ya chini kabisa na buluu juu. Mimi niliipelekea kwa mpangilio niliouzoea, nyekundu juu. Nyeusi, nyeupe na kijivu hazidhuriki kwa kugeuzwa hivyo, na dirisha langu la majaribio halikuwa na rangi nyingine. Kiza chote kile cha usiku, sikuwahi kuchora kitu chekundu.

Nilizigeuza baiti pale pale, nimesimama, Ami akinihesabia mafuta. Kisutu kikawa chekundu.

"Haya, hiki sasa kisutu," akasema, na akazima jenereta kabla sijahifadhi faili.