Kumbe ni Lea

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Somo la wiki hii ni Mwanzo 29 na 30. Lisomeni lote, msirukeruke.

Jumamosi vijana walitundika shuka ukutani hapa Chikongola, tukaangalia filamu. Haina shujaa. Ni familia tatu zilizoingiliana: mume mwongo, dada anayemwonea wivu dada yake, mkwe mchoyo, na msiba ambao watu wanagombea urithi kabla maiti haijafika makaburini. Tulicheka mpaka tukaoneana aibu. Bibi mmoja akauliza, "Sasa hapo mwema ni yupi?" Hakupata jibu, na filamu ikaisha hivyohivyo.

Nikaenda na swali lake hadi nyumbani kwa Yakobo. Mtafuteni mwema hapo! Yakobo alimlaghai baba yake aliyekuwa haoni, kavaa ngozi za wanambuzi mikononi. Akakimbilia kwa mjomba Labani, akamkuta fundi zaidi yake. Kwa lugha ya huku kwetu, Labani ni mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo: kipimo chake, bei yake, na wewe huna pa kwenda. Miaka 7 ya kuchunga ili amwoe Raheli, binti mdogo wa Labani, harusi, giza la chumbani. Kulipokucha, kumbe ni Lea, dada mkubwa. Ikabidi achunge 7 mingine kwa ajili ya Raheli.

Halafu zile tunguja, matunda yaliyoaminika kusaidia kupata mimba. Reubeni, mwana wa Lea, kaziokota kondeni, Raheli anazitaka, na dada wawili wanapatana: tunguja kwa usiku mmoja wa mume. Jioni Yakobo anatoka malishoni, Lea anamdaka njiani: leo unalala kwangu, nimeshakulipia. Naye anafuata tu, hana neno. (Hapa huwa nacheka, Mungu anisamehe. Sidhani kama aliyeandika hakujua kwamba inachekesha.)

Ila msimpite Lea haraka. Sikilizeni anavyowapa watoto majina. Reubeni: sasa mume wangu atanipenda. Simeoni: Bwana amesikia kwamba sipendwi. Lawi: safari hii mume wangu ataungana nami. Watoto watatu, na kila jina linamwangalia mlangoni mtu asiyekuja. Wa nne ni Yuda: mara hii nitamsifu Bwana. Hapo mume hatajwi. Na Mathayo anapohesabu ukoo wa Yesu, anapita kwa huyu Yuda, mtoto wa mke asiyetakiwa. Hapiti kwa Yusufu wa Raheli.

Nami nina langu. Kwenye filamu nilimcheka sana yule jamaa aliyehesabu miti ya marehemu akiwa bado na udongo wa kaburi viatuni. Mdogo wangu yuko Newala. Hatujasemezana tangu tugawane mikorosho ya baba. Siku ile aliyekuwa na daftari mfukoni ni mimi.

Jana jioni nimempigia. Imeita mpaka ikakatika. Leo nikitoka misa nitampigia tena.