Mnaijua nafsi ya mgeni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni mstari mmoja tu, Kutoka 23:9. Mungu anawakataza Waisraeli kumwonea mgeni. Ukitazama vizuri utaona sababu anayoitoa si kwamba mgeni ni mtu mwema, wala si kwamba atawaadhibu wakikosea. Anawaambia wanaijua nafsi ya mgeni, kwa kuwa na wao walikuwa wageni Misri. Katika Kiebrania neno lililopo pale ni *nefesh*, ndugu wa damu wa hili letu la nafsi ambalo sisi tulilipata kwa Waarabu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili analisikia neno hilo karibu kama Musa alivyolisikia.

Nilikuwa nalitafuna hilo Alhamisi iliyopita niliposhuka treni kituo cha Fifth Avenue, pale juu kidogo Manhattan, New York. Bibi ninayemhudumia huamka saa nne asubuhi, na ilikuwa ndiyo kwanza saa tatu na robo. Nikaingia mtaa wa 60 kupoteza muda. Mwanzoni kabisa mwa mtaa huo kuna majengo mawili yanayotazamana. Upande wa kaskazini, namba 1, kuna jumba kubwa jeupe la marumaru, Klabu ya Metropolitan, lililofunguliwa 1894. Ng'ambo yake, namba 4, kuna jengo jembamba zaidi lililobanwa na majirani: Klabu ya Harmonie, iliyohamia hapo 1905. Yote mawili yalichorwa na ofisi moja ya wasanifu, McKim, Mead na White, na Stanford White mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu.

(Wenzangu wa nyumbani, mkisikia klabu msiwaze pombe ya kienyeji na viti vya plastiki. Hizi ni klabu za mabwana: chumba cha kulia, maktaba, mahali pa kucheza karata, na mlangoni orodha ya majina. Kama jina lako halimo, humo ndani hupajui.)

Harmonie ni klabu ya Wayahudi. Ilianzishwa 1852 na Wayahudi waliotoka Ujerumani, ikaitwa kwa Kijerumani Gesellschaft Harmonie. Kwa miaka mingi mambo yake yaliendeshwa kwa Kijerumani, hadi kufikia miaka ya 1890. Walikuwa watu waliopenda muziki, walioikumbuka lugha ya mama zao, na ambao jioni walitaka kukaa na mtu anayeelewa utani wao bila kufasiriwa. Hapo sioni kosa lolote. Nani kati yetu hajaitafuta meza ya namna hiyo ugenini?

Ila kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo inahitaji kisa cha akina Seligman.

Joseph Seligman alizaliwa 1819 katika mji mdogo wa Baiersdorf, Bavaria. Alifika Marekani 1837 akiwa kijana, akafanya ukarani Pennsylvania, kisha akabeba mzigo mgongoni akawa anapita mashambani nyumba kwa nyumba akiuza bidhaa ndogondogo. Kwa lugha yetu alikuwa mmachinga. Akawaleta wadogo zake mmoja baada ya mwingine, wakafungua maduka, maduka yakazaa benki. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndugu hao waliuza huko Ulaya hati za mkopo za serikali ya Lincoln, fedha iliyosaidia kulisha jeshi. Inasimuliwa kwamba Rais Grant alimtaka Joseph awe waziri wake wa fedha, naye akakataa.

Mtu huyo, kiangazi cha 1877, alikwenda na familia yake kupumzika Saratoga, kwenye Hoteli ya Grand Union ambako alikuwa amezoea kufikia. Akaambiwa mapokezi kwamba kwa amri ya Jaji Henry Hilton, aliyekuwa akiisimamia hoteli hiyo, Wayahudi hawapokelewi tena. Magazeti yaliandika siku nyingi. Hoteli nyingine, badala ya kuona aibu, ziliiga.

Miaka kumi na sita baadaye zamu ikawafikia wengine katika familia hiyohiyo. Jesse, mdogo wake Joseph, alikuwa makamu wa rais wa Klabu ya Union League hapo New York, mwanachama wa siku nyingi na mwenye heshima yake. Mwaka 1893 jina la mwanawe Theodore, mwanasheria, likapelekwa ili naye aingie.

Hebu niwaeleze jinsi klabu za namna hiyo zilivyopiga kura, maana ndipo penye uchungu. Linaletwa sanduku la mbao lenye tundu. Kila mwanachama anachukua kipira, cheupe cha kukubali au cheusi cha kukataa, anatumbukiza mkono mpaka ndani ili jirani asione ameachia kipi. Kisha sanduku linafunguliwa. Vipira vyeusi vichache tu vinatosha kumzuia mtu. Hakuna anayesimama kusema neno, hakuna anayeulizwa sababu. Unatoka na wenzako, mnapeana mikono ngazini, na hujui mkono upi ndio ulioshika cheusi.

Theodore alikataliwa. Hawakuwa na lawama naye wala na baba yake. Ilijulikana wazi kwamba kosa lake ni Uyahudi. Jesse akaandika barua ya kujiuzulu palepale. Wakaikataa barua, ati wanamheshimu. Lakini alishaondoka moyoni, na mwaka uliofuata alifariki.

Sasa mnaelewa kwa nini Harmonie haikuwa mahali pa kuimba nyimbo za Kijerumani tu. Ilikuwa nyumba ya watu walioambiwa nyumba nyingine si zao. Hata lile jumba jeupe la ng'ambo lina historia ya kuchekesha: husimuliwa kwamba J. P. Morgan, tajiri wa benki, aliianzisha klabu yake 1891 kwa hasira, baada ya rafiki yake kukataliwa katika klabu ya zamani zaidi. Kwa hiyo mtaa wa 60 una majengo mawili yanayotazamana, na ndani ya yote mawili kuna kidonda cha kipira cheusi. Kila aliyefungiwa nje alikwenda kujenga mlango wake mwenyewe, na mlango huo nao ukawa na kitasa.

Nisingeandika tafakari hii kama hadithi ingeishia hapo.

Mwaka 1881 Tsar wa Urusi aliuawa, na fujo za kuwapiga Wayahudi zikasambaa katika himaya yake. Umaskini na sheria kandamizi zikamalizia. Kuanzia mwaka huo hadi 1924, Marekani ilipofunga milango kwa sheria, Wayahudi zaidi ya milioni mbili walihama kutoka Urusi, Poland, Romania na nchi za Austria. Wengi walibanana upande wa kusini mashariki wa Manhattan, familia nzima chumba kimoja na cherehani katikati. Walisali kwa namna ya zamani, walivaa kizamani, na walisema Kiyidishi.

Kiyidishi ni lugha iliyotokana na Kijerumani cha kale, ikachanganyika na Kiebrania na lugha za Kislavi, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Wayahudi wa Kijerumani walipoisikia hawakusema hii ni lugha nyingine. Waliiita "jagoni", yaani Kijerumani kilichoharibika. Nimelifikiria sana hili. Lugha ngeni kabisa haikuudhi, unaisikia unapita. Inayokuaibisha ni ile iliyo karibu na yako, inayofanya jirani Mmarekani ageuke akuulize, "Na hawa ni ndugu zako?"

Nitakuwa mwongo nikisema hawakuwasaidia. Walisaidia sana. Mwaka 1889 waliunda Educational Alliance kuwafundisha wageni Kiingereza, ufundi na usafi. Jacob Schiff, mwenye benki, alimgharamia muuguzi Lillian Wald alipoanza kuwatembelea wagonjwa, kazi iliyokua mpaka ikawa kituo cha mtaa wa Henry. Fedha zilitoka bila kuhesabiwa. Lakini katika miaka ya mwanzo pale Educational Alliance Kiyidishi hakikutakiwa, na kwenye meza za Harmonie Myahudi wa Kirusi hakukaribishwa kwa miaka mingi, hata akitajirika. Pochi ilifunguliwa, sebule ikabaki na kitasa chake. (Hao Wayahudi wa Kijerumani wenyewe, walipofika kwanza, walikuwa wamedharauliwa na Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno waliowatangulia. Na wale wa kwanza kabisa, watu 23 waliofika 1654, gavana Stuyvesant alitaka kuwafukuza. Ngazi ni ndefu.)

Nilikuwa nimesimama hapo na kahawa imepoa, nikijiandaa kuwahukumu watu waliokwisha kufa. Ndipo nikakumbuka jambo letu.

Wengi wenu mnajua jinsi kikundi chetu cha maombi kilivyoanza. Kanisa moja, sitalitaja, lilitunyima ukumbi. Walituambia kwa upole kwamba nyimbo zetu zina kelele na chakula chetu kinaacha harufu kwenye mazulia. Tulitoka pale mvua ikinyesha, tumebeba sufuria la pilau lingali na moto, na mzee wetu akasema siku Mungu akitupa mahali petu hatutamnyima mtu. Mungu akatupa, kile chumba cha chini tulicho nacho hadi leo.

Halafu wakaja ndugu zetu wa Kongo, waliopitia kambi za wakimbizi, wengine miaka kumi na zaidi. Kiswahili chao kinasema *batu*, *bintu*. Usiku mmoja mama mmoja wa Bukavu alikuwa anaomba, machozi yanamtoka, akasema, "Mungu, ulinde batoto yetu." Nyuma mtu akacheka. Sikucheka mimi. Nilichofanya mimi ni kibaya zaidi: baada ya amina nilimfuata, nikamshika mkono kwa heshima zote, nikamwambia, "Ni *watoto wetu*, mama." Akanishukuru. Mwezi uliofuata kikao kikapendekeza kwamba masomo na maombi ya mbele yaongozwe na wanaojua Kiswahili sanifu, "ili ibada iwe na mpangilio". Mnakumbuka nani aliunga mkono hoja? Kumbukumbu za kikao zina jina langu.

Hatukuwa na sanduku wala vipira. Tulinyoosha mikono, kila mtu akionekana.

Mama yule aliendelea kuja. Alikaa karibu na mlango, akasaidia kuosha vyombo, na hakuomba tena kwa sauti.

Kuna mtu mmoja wa zama zile ambaye ningependa mumjue. Louis Marshall alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, 1856, wazazi wake wahamiaji kutoka Ujerumani. Alikuwa mwanasheria mkubwa, na baadaye rais wa sinagogi la Emanu-El, lile la matajiri wa Kijerumani. Kwa kila kipimo alikuwa mtu wa upande wa juu wa mji. Lakini akiwa mtu mzima, mwenye kazi nyingi na jina kubwa, aliketi akajifunza Kiyidishi ili asome magazeti ya wageni na kujua wao wenyewe wanasema nini, na mwaka 1902 akasaidia kuanzisha gazeti la lugha hiyo. Hakuwa malaika, gazeti lenyewe lilikuwa na harufu ya mwalimu anayewafundisha watoto, na halikudumu. Kinachonivuta ni lile daftari la mwanafunzi, mtu wa umri wake kurudi kwenye alifabeti kwa ajili ya lugha ambayo rafiki zake waliiita takataka.

Turudi kwenye mstari wetu. Mungu anasema mnaijua nafsi ya mgeni. Hasemi mtaikumbuka. Waisraeli walipoingia nchi yao walikuwa na kila sababu ya kuisahau, na nadhani ndiyo maana agizo hili linarudiwa mara nyingi hivi katika Torati. Kufukuzwa hotelini hakukumfanya mtu awe mpole, na mvua ile yenye sufuria la pilau haikunifanya mimi niwe mpole. Ilinifanya niwe na kiu ya mlango wangu mwenyewe.

Ile klabu ingali hai. Mwaka 2001 Michael Bloomberg, naye Myahudi, alipojiandaa kugombea umeya wa New York, alijitoa Harmonie na katika klabu nyingine kadhaa, kwa kuwa wanachama wake walikuwa wa aina moja mno.

Saa nne kasorobo nikaondoka pale. Kwenye lifti ya bibi nikampigia simu yule mama wa Bukavu, mtandao ukakatika, nikampata mchana. Nilimwomba radhi kwa lile la *watoto*. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema alishasahau, na sote wawili tulijua hajasahau. Nikamwomba aongoze maombi Ijumaa hii. Akauliza, "Kwa Kiswahili gani?" Nikamwambia chake. Akasema atafikiri, na kwamba kwanza nije kwake Jumatano nile sombe, halafu anifundishe kuomba.

Jumatano ni kesho. Nitakwenda na daftari.