Mashine ya Hewa ya Uingereza na Ukungu wa Kuta za Nairobi

Kila ifikapo Juni, hapa Uingereza ninakoishi, huanza kupokea maombi yale yale kutoka Nairobi: nikija likizo nibebe ile mashine inayonyonya unyevu, kwa sababu ukuta wa chumba cha kulala umeota ukungu tena na rangi iliyopakwa Februari imeanza kubambuka. Wifi yangu wa mtaa wa Zimmerman, Nairobi, ndiye anayesisitiza kuliko wote. "Wifi, huko kwenu ndiko kwenye baridi yenyewe, na kuta zenu hazina madoa," aliniandikia, akaambatanisha picha ya kona moja nyuma ya kabati la nguo, nyeusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno.

Uingereza inaujua ukungu kuliko anavyodhani. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, alifariki mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba alipatwa na ugonjwa mkali wa njia ya hewa kwa kuvuta kwa muda mrefu ukungu wa nyumba ambayo wazazi wake, wahamiaji kutoka Sudan, walikuwa wamepanga. Baba yake alipolalamika aliambiwa apake rangi juu ya ukungu huo. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika Uingereza Oktoba 2025, nayo inawalazimisha wenye nyumba za kijamii, yaani zinazopangishwa kwa kodi nafuu, kuchunguza na kurekebisha tatizo hilo ndani ya muda uliowekwa. Ninalitaja jambo hili kwa sababu jibu la "paka rangi" ndilo wapangaji wengi wa Nairobi wanalopewa hadi leo, na rangi haijawahi kuuondoa unyevu, bali huufunika kwa miezi michache tu.

Ukungu hauhitaji bomba lililopasuka. Hewa yenye joto la nyuzi 20 huweza kubeba takriban gramu 17 za maji katika kila mita moja ya ujazo, lakini ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba hata gramu 10, kwa hiyo kinachozidi huachwa juu ya kitu cha kwanza chenye baridi inachokigusa, kiwe kioo cha dirisha, kona ya ukuta wa nje au mgongo wa kabati. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 ya maji ambayo hewa huweza kubeba, unyevu ambao mtu hawezi hata kuuhisi, huanza kutoa umande ukutani pale ukuta unaposhuka hadi nyuzi 12 hivi. Tena ukungu hausubiri matone yaonekane. Hewa iliyogusana na ukuta ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 kwa siku kadhaa, unamea.

Nyumba yetu ya Leeds ina kifaa kilichofungwa darini, chini ya paa, kisichozimwa usiku wala mchana. Huvuta hewa ya darini, huichuja, kisha huisukuma polepole kupitia tundu la mviringo lililo juu ya ngazi, ili mgandamizo wa hewa ndani ya nyumba uzidi kidogo ule wa nje na kuisukuma hewa yenye mvuke itoke kupitia vitundu vilivyo juu ya fremu za madirisha na kupitia feni za jikoni na bafuni. Umeme unaoliwa na kifaa hicho ni wa wati chache tu. Uzuri wake ni kwamba hakishughulikii chumba kimoja: kinaifanya nyumba nzima kuwa njia moja ya hewa, ambayo huingia mahali pakavu na kutokea mahali palipo na maji. Ubaya wake ni kwamba Januari hewa ya darini ni ya baridi kali, na anayepita chini ya tundu lile huhisi upepo shingoni, ndiyo maana jirani mmoja alikizima cha kwake na kabla ya Machi madirisha yake yakawa yanatoa jasho tena. Hakifanyi kazi pia pale ambapo milango imekaza juu ya zulia. Fundi wetu alikata milango yote kwa chini hadi ikabaki nafasi ya sentimita moja, na nadhani kazi hiyo ilikuwa na faida sawa na kifaa chenyewe.

Nyumba mpya zilizozibwa kabisa hutumia mfumo mwingine wenye mabomba mawili, ambamo hewa chafu inayotoka hupitishwa karibu na hewa safi inayoingia bila kuchanganyika, ili ile ya kwanza iachie joto lake kwa ya pili. Ni mfumo mzuri na wa gharama, na lengo lake ni kuokoa joto ambalo mwenye nyumba amelilipia.

Hapo ndipo jibu langu kwa wifi lilipo. Nairobi hakuna anayelipia joto la nyumba, kwa hiyo hakuna joto la kuokoa, na gorofa ya Zimmerman haina dari yenye paa la kuvutia hewa, bali ina sakafu ya jirani juu yake. Ile mashine ya kunyonya unyevu hula kati ya wati 150 na 300, hukausha chumba ilichomo tu, na tangi lake lazima mtu alimwage. Ninachoweza kumpelekea kutoka huku ni wazo la njia ya hewa, na halina uzito kwenye mizigo.

Kwanza maji yanatoka wapi? Watu wawili waliolala usiku kucha hutoa nusu lita hivi kwa pumzi na jasho. Githeri huchemka saa nzima bila kifuniko. Nguo hufuliwa Jumamosi na kuanikwa sebuleni, kwa kuwa juu ya jengo kuna mvua au kuna mikono mirefu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gesi ya kupikia yenyewe, ikiungua, hutengeneza maji: mtungi wa kilo 6 ukiisha, zaidi ya lita 9 za maji zimeingia hewani kama mvuke, mbali na ule wa sufuria.

Kisha maji hayo yanatokea wapi? Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zilijengwa zikiwa na matundu ya kudumu juu ya madirisha, nayo yamezibwa kwa magazeti, kwa plastiki, kwa kitambaa, kuzuia mbu na baridi ya Julai. Yafunguliwe, na yawekwe wavu wa mbu. Anayewasha jiko la makaa ndani ya chumba kilichozibwa hivyo ana hatari kubwa kuliko ukungu, kwani hewa ya sumu ya makaa huua watu wakiwa usingizini.

Saa ya kufungua madirisha pia ina maana yake. Hewa ya Leeds yenye nyuzi 5 huwa na maji machache, hivyo ikiingia na kupashwa moto inakuwa kavu sana. Ya Nairobi, alfajiri ya Julai, ina nyuzi 12 hivi na imejaa umande, na kwa kuwa nyumba haina joto, haikaushi mengi. Mchana jua linapotoka ndipo inapofaa kufungua pande mbili za nyumba kwa pamoja, milango ya vyumba ikiwa wazi, pamoja na kila baada ya kupika na kuoga, huku mlango wa bafu ukifungwa na dirisha lake likiachwa wazi. Kabati lisogezwe mbali na ukuta wa nje kiasi cha upana wa kiganja. Ukungu uliopo uoshwe kwa Jik iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi, na Jik isichanganywe na dawa nyingine.

Kabla ya kufanya haya yote nilimwomba wifi abandike kipande cha foili ukutani, kingo zote nne zikizibwa kwa utepe, akiache siku mbili. Foili ikilowa upande wa chumbani, maji ni ya hewa. Ikilowa upande wa ukutani, yanatoka ndani ya ukuta, na hapo hakuna dirisha litakalosaidia, atafutwe fundi wa mabomba au wa paa. Yake ililowa upande wa chumbani. Tatizo lililobaki ni kwamba dirisha la bafu lake linatazama ukuta wa jengo la jirani, kwenye uchochoro usiopita upepo, na kwa bafu kama hilo feni ndogo ya kutoa hewa ni ya lazima, yenye saa yake ya kuendelea kuzunguka robo saa baada ya taa kuzimwa. Feni hizo zinauzwa Nairobi, na mwenye nyumba amekubali ukuta utobolewe iwapo mpangaji atajilipia fundi.