Nilivyorudisha usingizi baada ya kuzunguka dunia

Niliporudi nyumbani, usiku nilikaa macho kodo, mchana nikisinzia mezani. Ndege ya mwisho ilielekea mashariki, na huko ndiko kugumu zaidi: mzunguko wa saa ya mwili huzidi saa 24 kidogo, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi, na ukienda mashariki ni lazima uwahi.

Dawa ilikuwa mwanga. Kila asubuhi nilitoka nje, hata kukiwa na mawingu, kwani mwanga wa nje huzidi kwa mbali wa taa. Siku za kwanza nilisubiri jua lipande. Mwanga ukikukuta mwili ukidhani bado ni usiku wa manane, huirudisha saa ya mwili nyuma, nawe ukazidi kuchelewa kulala. Hili wasafiri wengi hawaambiwi! Jioni nilipunguza taa, na kahawa niliiachia asubuhi tu. Mwili husogea takriban saa moja kwa siku, basi sikuulazimisha. Usingizi ulirejea taratibu, njaa ikaufuata.