Kibuyu mkononi mwa Susanoo

Katika pambano la ndugu wawili, Itachi na Sasuke, ndani ya Naruto Shippuden, katuni ya Kijapani ya ninja, macho ya wengi huishia kwenye moto mweusi na radi. Kibuyu hawakioni. Lirudie pambano hilo, na joka la vichwa vinane likishachomoza kutoka kwa Sasuke, simamisha picha: Susanoo wa Itachi, jitu la nguvu linalomkinga, ameshika kibuyu, na upanga wake unatiririka kutoka mdomoni mwa kibuyu hicho. Ni kibuyu cha sake, pombe ya mchele, na bila hicho huwezi kuelewa kwa nini Orochimaru, ninja wa nyoka aliyejificha ndani ya Sasuke, anamalizwa vile.

Kisa kimo katika Kojiki, kitabu cha simulizi za miungu ya Japani kilichokamilika mwaka 712. Mungu Susanoo, aliyefukuzwa mbinguni, anawakuta wazee wakilia. Joka Yamata no Orochi, vichwa vinane na mikia minane, limekuwa likila binti zao mwaka hadi mwaka; amebaki mmoja. Susanoo anaagiza ipikwe pombe kali, ujengwe ua wa milango minane, na kila mlango uwekwe pipa lake. Kila kichwa kinajitosa katika pipa, joka linalewa, linalala, naye analikatakata kwa upanga wa totsuka.

Sasa mtazame Orochimaru, ambaye jina lake lenyewe limembeba joka. Vichwa vinakatwa, anachomwa upanga, kisha anafyonzwa kibuyuni aishi katika ndoto ya ulevi isiyokwisha. Kule joka lilimeza pombe. Huku chombo cha pombe kinalimeza joka. Ugeuzaji huu naupenda kuliko kitu chochote katika mfululizo mzima.

Hapa mashabiki huchanganya panga mbili. Totsuka maana yake ni ngumi kumi, yaani urefu, na katika Kojiki ni aina ya upanga ambayo miungu kadhaa wanayo. Upanga ulio miongoni mwa hazina tatu za kifalme za Japani ni Kusanagi: Susanoo alipokata mkia, makali yake yakamegeka, akapasua na kuukuta humo ndani. Ndiyo maana Kusanagi ni silaha ya Orochimaru. Hazina mbili zilizobaki anazo Itachi: kioo cha Yata ndiyo ngao yake, na shanga za Yasaka anazirusha baadaye akipigana na ninja Nagato.

Macho nayo yana siri yake. Mungu Izanagi alipojitakasa baada ya kutoka kuzimu, aliosha jicho la kushoto akazaliwa Amaterasu, mungu wa jua, la kulia akazaliwa Tsukuyomi, mungu wa mwezi, pua akazaliwa Susanoo. Kwa Itachi pande zimebadilishana: Amaterasu, ule moto mweusi, hutoka jicho la kulia, Tsukuyomi, njozi anayomtia adui, la kushoto, na Susanoo huhitaji yote mawili. Lakini ukimtazama uso kwa uso, Amaterasu iko kushoto kwako.