Imehifadhiwa wapi?

Simu iliita Jumapili mchana nikiwa naanika nguo. Mwezi wa nne hapa Mwanjelwa, Mbeya, jua ni la kuvizia, likitoka sipokei simu ya mtu. Hii niliipokea kwa sababu iliita mara tatu mfululizo. Alikuwa mweka hazina wa kituo cha maziwa kilichoko nje kidogo ya Tukuyu, mzee ambaye hajawahi kunipigia kwa salamu tu. Alikuwa na mambo mawili. Mama mwenye namba 47 anaonekana ameleta lita 9.5 mara mbili asubuhi moja, dakika mbili zikipishana. Na mama wa namba 12 haonekani kabisa siku ambayo karani anakumbuka kumpimia.

"Sasa binti, nimlipe nani? Ng'ombe hakamuliwi mara mbili ndani ya dakika mbili."

Programu ni yangu. Karani anapima maziwa, anaandika namba ya mfugaji na lita kwenye kishikwambi, anabonyeza kitufe, rekodi inakwenda kwenye seva. Mwisho wa mwezi mzee anatoa orodha ya malipo. Sehemu ya mbele, ile anayoiona karani, nimeiandika kwa Ember, fremuweki (mifupa ya kujengea programu) ya JavaScript, na najua wenzangu wa mjini mnavyonicheka. Ember ilipewa jina hilo Desemba 2011, ikitokana na SproutCore, fremuweki iliyoitangulia, na toleo lake la 1.0 likatoka Agosti 2013. Kwa umri wa fremuweki za JavaScript huyo ni babu wa kijiji. Lakini ndiyo niliyojifunzia, na ina Ember Data, ambayo hufuatilia hali ya kila rekodi hata usipoiomba. Aibu yangu yote ya mwezi ule ilitoka hapo: fremuweki ilikuwa inajua kila kitu, mimi ndiye niliyemficha karani.

Jumatatu nikapanda Kosta pale Nane Nane. Baada ya Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa saa tisa mchana. Kiwira nikanunua ndizi, Tukuyu nikalala, na Jumanne saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa kituoni, nimejikunja kwenye khanga mbili juu ya sweta.

Wafugaji walikuwa wameshapanga ndoo, salamu za "ugonile" zikijibiwa "ndaga" kabla ya mlango kufunguliwa. Karani ni kijana mwepesi wa mikono. Anachovya laktomita, anainama kuisoma (ikizama kupita kiasi, mtu ameongeza maji), anachanganya maziwa kidogo na alkoholi kwenye kichupa kuona kama yataganda, anapima lita, anaandika. Anaandika mara mbili: kwenye daftari kwanza, halafu kwenye kishikwambi. Sikujua kama bado ana daftari. Nilijisikia kama mke aliyekuta chungu cha mama mkwe bado kiko jikoni.

Nikamwangalia akijaza rekodi ya kwanza. Alipobonyeza tu, pembeni ya jina kukatokea alama ya kijani na neno langu: Imehifadhiwa. Mvua ilikuwa inapiga bati, na alama ya mtandao kule juu ya kioo ilikuwa na msalaba.

"Dada," akasema bila kuinua kichwa, "huwa nataka kukuuliza. Imehifadhiwa wapi? Hapa, au kule kwenu mjini?"

Nilikosa jibu. Nikamwomba daftari. Kila mstari ulikuwa na alama yake: vema kwa maziwa yaliyoingia kwenye tanki, mkasi kwa yaliyokataliwa na sababu yake mbele, na duara tupu kwa mfugaji ambaye hajafika lakini ametuma ujumbe kwamba yuko njiani, barabara imeharibika. Alama tatu za kalamu ya wino. Mimi nilikuwa na neno moja.

Jioni nikafungua kompyuta na kuitazama rekodi moja kwa Ember Inspector, kifaa cha kuchungulia ndani ya programu. Kwenye toleo ninalotumia, hali ya rekodi huandikwa kama anuani, mkoa kwanza, kisha wilaya, kisha kata. Ukiunda rekodi mpya inakaa root.loaded.created.uncommitted: ipo, imeundwa, haijapelekwa. Ukiita save inahamia root.loaded.created.inFlight, iko safarini. Seva ikiipokea inakuwa root.loaded.saved. Seva ikiikataa kwa sababu ya ulichojaza, inakuwa root.loaded.created.invalid. Mtandao ukikatika inarudi uncommitted ilikotoka, ila sasa isError imekuwa kweli na sababu imewekwa kwenye adapterError.

Kwenye kiolezo, faili linalochora ukurasa, huhitaji kusoma anuani nzima, unauliza viashiria vyake: isNew (bado ni mpya), isSaving (inatumwa), isValid (ni halali), isError (imeshindikana), hasDirtyAttributes (ni chafu, yaani ina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa). Na hapa ndipo nilipojikaanga. Alama yangu ya kijani ilikuwa inauliza isValid peke yake. Niliona jina zuri, "halali", nikadhani rekodi halali ni rekodi iliyofika. Kumbe isValid inasema kitu kidogo sana: seva bado haijaikataa. Rekodi iliyoundwa sekunde hii, haijajazwa hata tone, isValid yake ni kweli. Iliyokwama njiani, isValid ni kweli. Ndiyo maana kijani kiliwaka huku mtandao una msalaba.

Baada ya hapo kesi za akina mama zikafunguka zenyewe.

Namba 12: mtandao ulikatika wakati wa kutuma. Karani akaona vitu viwili kwa pamoja, alama ya kijani kwenye mstari na utepe mwekundu juu unaosema "Kuna tatizo", wenye vitufe viwili, Jaribu tena na Ghairi. Mtu mwenye akili zake angefanya nini? Aliamini kijani, akabonyeza Ghairi ili utepe umwondokee machoni. Ghairi ilikuwa inaita rollbackAttributes. Kwa rekodi ambayo seva inaijua, hiyo inarudisha thamani za zamani, basi. Kwa rekodi mpya hakuna zamani ya kurudi, kwa hiyo inaiondoa kabisa kwenye stoo. (Kwa kweli waliita hiyo sehemu ya Ember Data jina linalotufaa sana. Ila stoo hii iko kwenye kumbukumbu ya brauza, ukifunga ukurasa imefagiliwa yote.) Mstari ukatoweka, foleni inasukuma, karani akaita anayefuata. Maziwa ya mama yakawa kwenye tanki na si kwenye hesabu.

Namba 47 ni kinyume chake. Rekodi ilifika kwenye seva, ikaandikwa, ila jibu lilipotelea njiani. Upande wa brauza hiyo ni safari iliyoshindikana: isError kweli, isNew bado kweli. Mara hii karani akabonyeza Jaribu tena, kama mtu makini. Ember Data ikaona rekodi mpya, ikatuma POST nyingine, yaani ombi la kuunda rekodi mpya, seva nayo ikaandika mstari wa pili kwa moyo mkunjufu.

Hili la pili lilinisumbua kuliko yote, kwa sababu hakuna kiashiria chochote upande wa brauza kinachoweza kulijibu. Ni kama kifurushi ulichompa kondakta wa basi la Dar, naye amezima simu. Mzigo umefika? Umeshuka Makambako? Ukituma mwingine ili uwe na uhakika, huenda mpokeaji akapata miwili. Dawa ni kuuandika mzigo namba yako mwenyewe kabla haujaondoka. Adapta ya Ember Data, sehemu inayozungumza na seva, ina mahali pa hilo, generateIdForRecord, unarudisha UUID (namba ndefu isiyojirudia) na rekodi inasafiri na kitambulisho kilichotoka kwako. JSON:API, kanuni tunazofuata kwenye mazungumzo na seva, zinaruhusu hivyo, na zinaagiza kwamba kitambulisho kikija mara ya pili seva ijibu 409, namba ya kusema kuna mgongano. Mimi hapo nilivunja sheria kwa makusudi. Kitambulisho kikiwa kilekile na lita ni zilezile, seva yangu inarudisha rekodi iliyopo kana kwamba ndiyo kwanza imefika. Lita zikitofautiana ndipo inatoa 409. Najua wapo watakaoninunia. Waje wapange foleni na ndoo saa kumi na mbili asubuhi.

Kuna kosa la tatu ambalo mzee hakulijua, nililiona mwenyewe Jumatano. Karani alijaza 9,5 kwa mkato, kama anavyoandika kwenye daftari. Sanduku lilikuwa la maandishi ya kawaida, likakubali. Lakini kwenye modeli, maelezo ya umbo la rekodi, lita ni namba, na kigeuzi cha namba cha Ember Data kikipewa kitu kisicho namba kinatoa null, yaani patupu. Kwa hiyo kwenye kioo mnaona 9,5, kwenye waya imepita null, na seva inajibu "lita hazijajazwa". Nilipomsomea jibu hilo, kijana wa watu akageuka akanitazama: "Si nimejaza, dada? Hii hapa!"

Tena ujumbe huo wenyewe hakuuona siku zote zile, maana seva yangu ilikuwa inaujibu kwa 400, namba ya ombi baya kwa jumla. Ember Data hutambua kwamba rekodi imekataliwa ikiona namba 422, ya data isiyokubalika. Ukija na 400, inaliweka kosa kwenye adapterError pamoja na ajali za mtandao, nalo linaishia kwenye utepe wa "Kuna tatizo". Ukija na 422, na kila kosa likiwa limetaja anuani yake, mfano /data/attributes/lita, rekodi inaingia invalid na kosa linakaa kwenye errors chini ya lita, tayari kuonyeshwa pale pale kwenye sanduku lenye shida. Karani akirekebisha lita tu, kosa la lita linafutika lenyewe. Angalia jina lenye maneno mawili: mimi nina litaAsubuhi, lakini kwenye waya serializa ya JSON:API, inayopanga data kabla ya kutumwa, huandika lita-asubuhi, na seva isipotumia umbo hilohilo kosa linapotea bila kelele. Saa mbili zangu zilikwenda hapo, kwa mwanga wa tochi, umeme umekatika.

Nikaandika upya mstari wa orodha. isSaving ikiwa kweli, unasoma "Inatumwa" na kitufe kinalala. isError ikiwa kweli, "Haijafika", na kitufe ni kimoja tu, Jaribu tena. Ghairi nimeiondoa kwa rekodi mpya, anayetaka kufuta aulizwe kwanza anafuta maziwa ya nani. isValid ikiwa si kweli, "Imekataliwa", na sababu chini yake. Kijani hakiwaki mpaka isNew iwe si kweli na hasDirtyAttributes iwe si kweli, zote mbili. Hiyo ya mwisho niliiongeza baada ya kumwona karani akisahihisha lita wakati rekodi iko safarini. Masahihisho ya namna hiyo hayapandi basi lililokwisha kuondoka. Save ikirudi salama yanabaki hapo hapo yakisubiri save nyingine, na rekodi bado ni chafu. Kijani pekee kilibadilishiwa neno na karani mwenyewe: "Imepokelewa". Na zile ambazo hazijafika sasa zinanakiliwa kwenye IndexedDB ya kishikwambi, hifadhi ya brauza inayobaki hata ukurasa ukifungwa, ili mtu akifunga ukurasa kwa bahati mbaya ziamke naye.

Ijumaa nikarudi Mbeya. Mama wa 12 alilipwa kwa ushahidi wa daftari, wa 47 akapunguziwa lita 9.5 huku akicheka kwamba ng'ombe wake alikuwa ameanza kusifika.

Wiki mbili baadaye mzee akapiga tena. Nikajua stoo imevuja. Akaniambia hesabu ziko sawa, tatizo ni mama mmoja ambaye amesusa kuleta maziwa tangu juzi. Alikuwa amesimama mbele ya karani, akachungulia kioo, akaona jina lake na pembeni neno jekundu: Imekataliwa. Karani alikuwa amekosea mkato tu. Lakini mbele ya watu wote wenye ndoo, neno hilo pale kituoni lina maana moja, kwamba umetia maji.

Nimelibadilisha usiku uleule. Sasa linasomeka "Sahihisha lita".